Ndizi Zinazotazama Chini

Mheshimiwa Mwalimu Mkuu,

Pokea salamu za heshima kutoka Ijumbi. Sisi wazima, na kahawa imeanza kuiva. Nisingekusumbua, ila binti yangu Georgina wa darasa la sita amepata sifuri katika mchoro wa mgomba, na tangu siku hiyo hataki kusikia habari za sayansi. Naomba alama zake zirudishwe, kwa sababu zifuatazo:

1. Katika video ya somo aliyotutumia Mwalimu Avit kwenye kundi la wazazi la WhatsApp, kuna mkono unaochora mgomba, na ndizi zote kwenye mkungu zinatazama chini. Georgina alichora zinazotazama juu, kama zilivyo kwenye kibanja chetu tangu enzi za babu yake. Akakoseshwa. Jamani, sifuri ya mgomba, kwa Mhaya!

2. Mkono wenyewe hauna mtu. Unaishia kwenye kifungo cha shati, kucha safi, haujawahi kushika jembe. Kwenye kikao cha wazazi Mwalimu Avit alitueleza kwa fahari kwamba kazi ni rahisi mno: kwenye programu ya kompyuta unachagua picha iliyokwisha kuchorwa, unabofya, mkono unajifanya unaichora. Nilipouliza kuhusu ndizi, akasema picha ilikuja hivyohivyo. Ilikuja! Mtu aliyezaliwa Kagondo, akakuzwa kwa ndizi, ameshindwa kuchungulia nyuma ya jiko la mama yake?

3. Maneno ya video ni ya kompyuta, kwa mwandiko wa kuigiza unaoyumba kidogo makusudi ili tudhani ni wa binadamu. Mwalimu Avit ana haja gani ya kuazima kuyumba? Kwenye daftari la Georgina ameandika kwa mkono wake mwenyewe, na tulikaa ukoo mzima hadi tukang'amua kwamba ni "Rudia video".

4. Kama video iko sahihi, basi kibanja changu chote kimekosea, na mimi si mtu wa kubishana na elimu. Nimejaribu kugeuza mkungu mmoja kwa kamba, ukakatika na kuniangukia begani. Kwa hiyo naomba shule iulete huo mkono Ijumbi, ugeuze mikungu iliyobaki. Na kwa kuwa umeshakuwa mwalimu, uje pia kwenye misiba yetu, umenye ndizi kama walimu wenzake.

Wasalimie walimu wote, mpishi wa uji, na huo mkono pia, ikiwa una masikio.

Ni mimi, mzazi mwenye migomba iliyokosea,
Kaijage, Ijumbi, Muleba.

Tanbihi: Georgina ameisoma barua hii na kuniomba nisiitume. Anasema mtihani wa muhula ni wiki ijayo, msahihishaji ni Mwalimu Avit yuleyule, na yeye ameshafanya mazoezi: atachora ndizi zinazotazama chini, achukue alama zake, kisha arudi nyumbani ale zinazotazama juu. Basi, Mwalimu Mkuu, uacheni mkono wenu uendelee. Somo limemwingia.