Kiwanja Ulichosema Kina Mteremko Kidogo

Kwako Mjomba, uliyenizawadia ardhi,

Mimi na mke wangu hatujambo, ila tumechoka magoti. Nakuandikia kwa adabu zote kuhusu zawadi yako ya harusi, kile kiwanja ulichosema kina "mteremko kidogo." Fundi mwashi alipokiona mara ya kwanza alivua kofia, akaniuliza, "Bosi, tunajenga nyumba au tunaitundika?" Malalamiko yangu ni haya:

1. Msingi. Mbele unaingia ndani bila ngazi. Nyuma msingi umepanda mpaka wapita njia wanauliza kama ghorofa ya chini inapangishwa. Mawe ya nyumba mbili yamelala chini ya moja. Mke wangu husema, "Wenzetu wamejenga, sisi tumezika."

2. Ukuta wa kuzuia udongo. Huu haukuwamo kwenye ramani wala kwenye ndoto zangu. Lori liligoma kupanda, likamwaga mchanga kule barabarani, na wabebaji wakanitoza kuupandisha zaidi ya bei niliyoununulia.

3. Maji. Kila msimu wa mvua nazibua mitaro, na kila msimu udongo wangu unahamia kwa jirani wa chini, fundi cherehani. Safari hii tuta la mchicha liliteremka zima zima, likastawi kwake kuliko lilivyowahi kustawi kwangu. Akaniletea fungu moja, kwa ujirani mwema. Nikalipokea kwa mikono miwili, nikala mboga zangu kama mgeni.

4. Heshima yangu. Baba mkwe alipotutembelea alifika mlangoni hana pumzi ya kuitikia salamu. Nikadhani amenuna, nikamwomba radhi kwa makosa ambayo, Mjomba, hakuwa ameyajua. Pumzi ilipomrudia ndipo aliponuna.

Kwa hiyo naomba mojawapo kati ya haya: uitishe kikao cha ukoo kitangaze kwamba mlima huu ni tambarare, au unilipe mshahara, maana mimi si mwenye kiwanja, ni mtumishi ninayeushikilia mlima usiporomoke, au, na hili ndilo la haki, tubadilishane nyumba. Ya kwako iko tambarare, na magoti yako ni ya zamani, yametengenezwa kwa kudumu.

Msalimie mkaza mjomba, mabinamu wote, na hata yule mpangaji wako asiyeitikia hodi.

Wako mtiifu, niliyeegemea ukuta,
Mpwa wako

N.B. Kabla sijafunga bahasha, binamu amewasili na habari kwamba hilo la kubadilishana umeshalisikia kwa watu niliokuwa nikiwalalamikia, umelikubali, na mkaza mjomba anafunga vyombo. Mjomba, nakuangukia: mwambie afungue! Barua ilikuwa ya kupoza hasira tu. Naituma kwa vile mwandiko umetoka vizuri. Mtoto wetu ameanza kutembea wiki hii. Amepanda peke yake kutoka mtaroni hadi mlangoni, mama yake akipiga vigelegele mpaka fundi cherehani akatoka nje. Jana tulimshusha kwenye tambarare, akapiga hatua moja, akaanguka, akalia, akanyoosha kidole juu kuonyesha kwao.