Bi Gharika na Vita vya Maneno Mia Tatu na Hamsini

Sogeeni, enyi mnaosikia, nanyi mnaojifanya hamsikii! Aliyeshika ufagio auegemeze ukutani, mwenye chungu jikoni apunguze moto, na mtoto anayelia apewe kitu cha kutafuna, kwa maana nimekuja na habari nzito, habari ya vita ambavyo havikupigwa kwa upanga wala kwa mkuki, bali kwa kalamu ya wino wa buluu iliyotafunwa kifuniko. Habari ya binti mmoja aliyeketi mbele ya mtihani wa Kiingereza, akaandika insha, na alipofika mahali pa kuacha, akaacha. Mnacheka? Chekeni. Ambaye hajawahi kuandika insha ya mtihani ndiye anayedhani kuacha ni kazi nyepesi.

Ewe wino, usinikaukie. Ewe ulimi, usiteleze. Nianze na nasaba, kama ipasavyo.

Shujaa wetu alikuwa binti wa fundi cherehani, kifungua mimba wa watoto wawili, mwanafunzi wa sekondari mwenye kidole cha kati kilichoota sugu kwa kushika kalamu. Wenzake walimwita Bi Gharika, kwa kuwa insha zake zilianza kwa tone moja la mvua na kuishia watu wako juu ya paa. Hakuandika kwa sababu ana la kusema. Aliandika kwa sababu kalamu ilikuwa bado inatoa wino.

Wala asilaumiwe peke yake, maana shule ile ilikuwa na desturi kongwe ya kumpima msomi kwa karatasi za nyongeza. Wakati wa mtihani, msimamizi hupita kati ya madawati, karatasi tupu mkono huu na vipande vya uzi mkono ule, na anayetaka kuongezewa hunyanyua mkono na kutamka neno moja tu: "Karatasi!" Neno hilo likisikika, ukumbi mzima huingiwa na baridi, kila mtu akautazama ukurasa wake mmoja na kujiona si chochote si lolote. Mwenye karatasi nyingi zilizofungwa kwa uzi hutoka mlangoni kama jemadari arudiye na mateka, na wadogo humpisha njia. Kama ndani ya karatasi hizo mna jambo lolote, hilo halikuwa swali la kuulizwa na watu wenye adabu.

Mtu mmoja tu alikosa adabu hiyo. Naye ni mwalimu wa Kiingereza, mwembamba, mwenye miwani iliyoungwa kwa gundi, aliyejulikana kwa jina la Mwalimu Mstari. Silaha yake ilikuwa rula ya chuma, na sheria yake ilikuwa moja. Karatasi ya mtihani ilisema insha isizidi maneno mia tatu na hamsini. Basi yeye huhesabu, na akifika hapo huchora mstari mwekundu kutoka ukingo hadi ukingo, na yaliyo chini ya mstari hayasomi, hata kama kuna maiti. Wanafunzi walisema ni vitisho. Walisema binadamu hawezi kujizuia, atachungulia tu.

Hakuchungulia. Muhula wa kwanza Bi Gharika alipewa kichwa cha insha, "Siku Soko Lilipoungua," akaingia vitani kwa majeshi yake yote. Jua likachomoza, na halikuchomoza tu, lilichomoza kwa tabasamu. Ndege wakaimba, kila ndege kwa jina lake. Yeye akaamka, akakunja shuka, akapiga mswaki meno ya juu, akapiga mswaki meno ya chini, akamwamkia mama, mama akaitikia, akanywa chai, chai ikawa ya moto. Neno la mia tatu na hamsini lilimkuta chini ya kitanda akitafuta kiatu cha kushoto. Mstari ukapita hapo. Soko zima likateketea ng'ambo ya pili, vibanda, magunia, mayowe na zimamoto, pasipo shahidi hata mmoja. Pembeni, kwa wino mwekundu, Mwalimu Mstari aliuliza swali moja: "Kiatu kilipatikana?"

Tena insha hiyo ilikuwa imekula saa za maswali mengine yote, kwa hiyo barua haikuandikwa na ufahamu haukuguswa. Bi Gharika alianguka mtihani, akaanguka kwa kishindo, na kanuni ya shule ilikuwa wazi: atakayeanguka Kiingereza tena muhula wa pili atarudia darasa.

Sasa jueni uchungu ulipokaa. Darasa la nyuma yake, likija kwa kasi, lilikuwa na mdogo wake wa tumbo moja, binti mwenye akili kama wembe na ulimi mkali kuliko wembe.

"Dada," mdogo mtu alisema jioni moja wakiosha vyombo, "mimi mwakani nakaa dirishani. Wewe nimekuwekea nafasi pale karibu na mlango. Ukitaka kwenda kujisaidia utaniomba ruhusa, maana nitakuwa kiranja."

"Mama, unamsikia huyu?"

Mama hakuinua macho kwenye cherehani. "Namsikia. Lakini mwanangu, kurudia darasa si kufa."

"Kurudia na huyu ni kufa, mama. Tena kufa na kuzikwa na yeye akiwa ndiye anayesoma risala."

Alisema kwa mzaha, lakini aliingia chumbani akalia, na kilio hicho hakikuwa cha utenzi. Aliogopa kweli. Aliwaza miaka yote iliyobaki, mdogo wake akiitwa wa kwanza na yeye akiitwa baadaye kwenye orodha ileile, na machozi yakazidi.

Kesho yake alijitosa katika chumba cha walimu, mahali ambapo mwanafunzi huingia kwa kuitwa tu, akasimama mbele ya meza iliyofunikwa na madaftari, akapaza sauti.

"Ewe mwalimu uliyeshika rula," akanena, "mimi nimekuletea maneno kwa wingi, kama mkulima aletaye magunia ghalani, nawe umeyafungia mlango! Kwa nini wayachukia maneno? Yamekukosea nini?"

Mwalimu Mstari akavua miwani taratibu, gundi isije ikaachia.

"Mwanangu, hizi hapa ni insha za madarasa manne. Juzi mke wangu kaniuliza tupike nini, nikamjibu ndege walikuwa wakiimba kwa furaha. Hatujaelewana mpaka leo." Akafuta macho. "Sichukii maneno. Nachukia kusubiri. Wewe umeniahidi moto, ukanipa mswaki."

"Lakini mwalimu, si lazima kwanza kuche?"

"Kumekucha tayari. Kila mtu anajua. Andika kama mtu aliyetumwa kuita majirani, nyumba inaungua. Huyo hasemi habari za chai."

Bi Gharika akatoka, na njiani akawa anahesabu vidoleni maneno ya mtu anayeita majirani.

Naam, siku ya vita ikawadia. Ukumbi ukajaa, madawati yakapangwa mbali mbali ili jicho la mtu lisitangetange, na msimamizi akaingia, mwalimu wa Jiografia, mama mnene mpole, nyuzi zikimning'inia shingoni. Swali la insha lilikuwa hili: "Mlango Uliokataa Kufunguka." Maneno yasizidi mia tatu na hamsini.

Kalamu ya Bi Gharika ikatua kwenye karatasi, na kwa mazoea ya miaka, ikaandika neno moja kabla mwenyewe hajajua. Iliandika: Jua.

Enyi wasikilizaji, hapo ndipo mashujaa wengi hufia. Jua likishachomoza huwezi kulirudisha. Litaleta ndege, ndege wataleta umande, umande utaleta mswaki. Jasho likamtoka puani. Kisha akafanya ambalo halijapata kufanywa katika ukumbi ule: akalikata jua. Jua lenyewe, mfalme wa insha zote, alilikata kwa mstari mmoja, na badala yake akaandika kwa Kiingereza chake: Bibi yangu alikuwa chooni, na mlango ukagoma.

Mambo yakaenda mbio. Kitasa kikavunjika. Majirani wakaja, mmoja na nyundo, mmoja na ushauri. Bibi akiwa ndani akawa anatoa amri kama jemadari aliyezingirwa: wewe sukuma, wewe acha kusukuma, na nani huyo anayecheka, namjua sauti. Fundi wa vitasa akafika, akasema tatizo ni bawaba. Bibi akajibu kwamba tatizo ni fundi, kwa kuwa mlango huo ni yeye aliyeuweka.

Mara, katikati ya mapigano, mkono ukainuka upande wa kulia. Alikuwa Profesa, bingwa wa nyongeza, kijana ambaye uzi wake wa mwaka uliopita ulikuwa bado unasimuliwa.

"Karatasi!"

Ukumbi ukaingiwa na baridi. Mikono mingine ikafuata, karatasi, karatasi, nyuzi zikafungwa huku na huku. Bi Gharika akatupa jicho kwenye karatasi zake. Ukurasa wake wa pili ulikuwa haujajaa, na watu wote wangemwona akitoka na karatasi pungufu kuliko za mgonjwa. Msimamizi akamfikia, akamwekea mezani fungu zima bila kuulizwa.

"Chukua kabisa, mwanangu, nisiwe narudi rudi. Wewe nakujua."

Bi Gharika akaziangalia zile karatasi nyeupe, safi, zinazomwita. Akazisukuma.

"Sitaki, mwalimu."

Msimamizi akamgusa paji la uso. "Unaumwa?"

"Siumwi."

"Umeshikwa na kizunguzungu? Sema tu, nikuitie mtu."

"Ondoa karatasi zako, ee mama mwenye nyuzi!" akanong'ona shujaa, meno yamekazwa. "Mimi leo siongezi, mimi leo napunguza!"

Yule mama akazichukua, akaenda zake akigeuka geuka nyuma, akiwa bado hajaridhika kwamba si homa.

Basi akahesabu maneno yake kwa ncha ya kalamu, moja moja, kama mama yake ahesabuvyo vifungo, na alipofika mwisho alikuwa na mia tatu na hamsini na matatu. Matatu yamezidi! Akapekua safu kwa safu akitafuta wa kutolewa kafara, asiwaone. Kila neno lina kazi, kila neno lina watoto wa kulisha. Ndipo jicho lake likaangukia mahali alipoandika kwamba mlango ulikuwa mgumu sana sana sana. Akawatazama hao ndugu watatu waliosimama wakifanana, wasiojua kazi yoyote ila kupiga kelele. Aliwapenda tangu utotoni. Akawakata wote watatu kwa pigo moja, na mlango, ajabu ya Mungu, haukulegea hata kidogo.

Insha ikafika mwisho mahali ambapo mlango unafunguka, bibi anatoka na kitasa mkononi, anawatazama majirani mmoja mmoja, anafungua mdomo. Nukta.

Akaweka kalamu chini. Kisha akakumbuka kuna maswali mengine, akaiokota, akaingia katika nchi za Barua na Ufahamu, nchi ambazo mpaka siku hiyo alizijua kwa kuambiwa tu.

Siku ya kurudishiwa karatasi, Profesa alipewa yake kwanza. Mstari ulikuwa umemkuta anavaa soksi. Bi Gharika alipewa ya mwisho, akaifunua, akatafuta mstari mwekundu ukurasa wa kwanza, akautafuta wa pili. Haukuwepo. Kilichokuwepo ni alama, nayo ilikuwa ya kufaulu, na chini yake maandishi mekundu ya mtu aliyekuwa na haraka: "Halafu bibi alisema nini?"

"Nakuuliza kweli," alisema Mwalimu Mstari, amesimama mbele ya dawati la binti na rula imemning'inia mkononi. "Nimegeuza karatasi mara mbili nikitafuta. Nimetikisa mpaka bahasha."

Bi Gharika akasimama wima.

"Mwalimu," akasema, "maneno yaliisha."

Darasa likalipuka, madawati yakapigwa, na wa madarasa ya jirani wakachungulia madirishani. Toka siku hiyo, pale shuleni, mambo yote huhesabiwa kuwa yalitokea kabla ya jua kukatwa au baada yake. Msimamizi alirudisha mtungo mzima wa nyuzi stoo. Na mdogo mtu, aliposikia habari hizo nyumbani, akamwendea dada yake na kumpokea begi, akalitundika mwenyewe.

"Hongera, dada," akasema. "Pale mlangoni nitamweka mtu mwingine."

Nanyi najua mnachotaka. Mnataka kujua bibi alisema nini. Ningewaambia, tena ni maneno matamu, lakini mliniona nilivyoanza kwa kuyatapanya maneno: ufagio, chungu, mtoto anayelia. Mwalimu Mstari alishapita na rula yake zamani, na mimi niko chini ya mstari nikiongea peke yangu.