Baba Ndani ya Waridi

Jumatatu, 4 Agosti
Ijumaa tunafunga shule. Ripoti! Hisabati: msiba. Baba ni fundi magari. Akigomba, injini hunyamaza. Ameapa kwamba nikifeli tena, vitabu vyangu vya hadithi vitafungiwa kabatini likizo nzima. Nitaishije? Lakini leo maktabani nimeazima kitabu cha rangi kinachosema waridi hupoza hasira. Na Mama anataka chumba chao kipakwe rangi upya! Nimemwambia chumba cha watu wazima wenye heshima huwa cha waridi. Amenitazama sana. Kisha akatabasamu.

Jumanne, 5 Agosti
Dada amenusa jambo. Anauliza tangu lini mimi, nivaaye soksi za rangi mbili, nikawa bingwa wa mapambo. Nimeficha miguu chini ya kiti. Kuficha ndicho kipaji changu.

Jumatano, 6 Agosti
Fundi rangi kaja. Nilitaka waridi hafifu. Kafungua kopo, kauliza, "Hii sawa, bosi?" Sijawahi kuitwa bosi. Nikaitikia kwa kichwa. Imekauka: chumba ni kama ndani ya mdomo. Fizi kila upande! Mama kaongeza mapazia na shuka za waridi. Baba akaingia, akatoka, akaingia tena. Akauliza yeye ni mume wa mtu au keki. Mama akamjibu kochi lipo.

Alhamisi, 7 Agosti
Baba kalala fofofo. Kaamka akipiga mluzi! Chai kanywea kitandani, kasifu mapazia. Dada kaduwaa. Kitabu hakisemi uongo.

Ijumaa, 8 Agosti
Baba kaniita chumbani. Hakugomba. Hilo ndilo balaa! Muhula uliopita aligomba mpaka sauti ikakauka, adhabu akaisahau. Leo kaegemea mto wa waridi, kaisoma ripoti yote, polepole, hadi maoni ya mwalimu. Kisha, kwa upole wa kutisha: "Usijali, mwanangu. Likizo nzima dada yako atakufundisha." Vitabu vimefungiwa. Kabati lenyewe la waridi.

Jumamosi, 9 Agosti
Dada kaja na rula. "Haya, bwana mapambo, toa daftari." Hesabu ya kwanza nimekosa. Ya pili sijui hata kama ilikuwa hesabu. Lakini kitabu cha rangi kimepona, kwa kuwa si cha hadithi! Nimekichungulia chini ya meza. Nyekundu huchemsha damu. Baba akichemka atagomba, akigomba atasahau.
Nimemwambia Mama sebule ya watu wazima wenye heshima huwa nyekundu.
Amenitazama sana. Kisha akatabasamu.