Matobolwa Si Chakula

Jumatatu, 11 Agosti

Samahani, shajara. Nilikununua mwezi wa tatu, siku niliyotoka kliniki na habari ya kisukari, nikaapa kukuandika kila siku. Sasa ni mwezi wa nane. Nimekuwa nafua, napika, na Nathaniel ametimiza miaka miwili lakini bado anadhani mgongo wangu ni kitanda. Usinilaumu. Wa kunilaumu wanatosha.

Mambo yako hivi. Kliniki ni Alhamisi ya wiki ijayo. Nesi Bernadeta amesema sukari isiposhuka, vidonge peke yake havitoshi, nitaanza sindano ya insulini. Kila siku, tumboni. Alisema kwa upole kama mtu anayenikaribisha chai.

Sicheki na ugonjwa huu. Mama mkubwa Evelina aliupuuza, leo anashikwa mkono kwenda msalani. Mimi macho yangu nayataka. Nataka kumwona Nathaniel amevaa sare ya darasa la kwanza, hata kama soksi moja imeshuka.

Ila kosa langu silioni. Sukari nimeacha. Chai naimeza kama dawa ya minyoo. Ugali nakata tonge la ngumi moja. Samaki wa kuchemsha. Mchicha, mchicha, mchicha. Mbuzi wa mtaani wameanza kunitazama kama ndugu.

Jumatano, 13 Agosti

Jirani yangu Zakia aligundulika mwezi uleule na mimi. Ana kimashine chake cha kupimia, kaka yake alimletea. Leo kanichoma kidole. Kumi na mbili. Akajichoma yeye. Sita. Akasema, "Pole, Mama Natha," kwa sauti ya mtu aliyechukua kombe.

Akaniuliza nakula nini. Nikamtajia chakula changu chote, kweli tupu. Akauliza, na kati ya mlo na mlo? Nikamwambia kati ya mlo na mlo sili kitu, natafuna tu. Akataka kuuliza zaidi, maharage yake yakaanza kuungua, akakimbia.

Angeuliza ningemjibu. Natafuna matobolwa. Mama ananitumia kutoka Misungwi: viazi vitamu anavichemsha, anavikata vipande, anavianika juu ya jiwe mpaka vinakuwa vya kuvutana na meno. Hakuna aliyevitia sukari. Na matobolwa si chakula. Kwetu usipokula ugali hujala. Matobolwa unatafuna huku unapika, huku unafua, huku unamngoja mtoto amalize kulia. Ni kama kuhema.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimegundua. Kile kimashine kinampendelea mwenyewe.

Nikataka ushahidi. Mume wangu Chenge alikuwa ndiyo anarudi kazini, kachafuka moshi wa kuchomelea mageti, mkononi soda, mdomoni chapati ya pili. Nikamvuta mpaka kwa Zakia. Pima huyu, nikamwambia, tuone kama mashine yako haitalia.

Tano.

Mimi na mchicha wangu kumi na mbili, yeye na soda yake tano. Akasema labda hasira zangu ndizo zinazopandisha sukari. Nikamwambia basi kisababishi ni yeye, na kisayansi hiyo inatosha. Zakia alicheka mpaka akashika mlango.

Jumapili, 17 Agosti

Zakia kila asubuhi anatembea kutoka hapa Kiseke kwenda Pasiansi. Anasema mazoezi ndiyo siri. Sawa. Leo nilimwonyesha kutembea.

Nikambeba Nathaniel mgongoni, nikapita njia ya mawe, ile inayopanda. Matobolwa nilifunga kwenye pindo la khanga, maana mtu hawezi kupanda mlima bila kitu mdomoni. Nilimkuta Zakia kule mbele, raba mpya, mikono inapepea. Nikampita. Alisema, "Jirani, utaanguka na mtoto." Sikumjibu. Mdomo ulikuwa umejaa.

Tuliporudi akanipima. Kumi na tatu.

Nimetembea mpaka sukari imepanda. Naomba mtu mwenye elimu anieleze hilo.

Jumanne, 19 Agosti

Nimepata mpango. Kama kuishi vizuri hakusaidii, nitaishi vizuri kwa siku mbili tu, lakini kweli kweli. Kuanzia leo mpaka kliniki: ugali hakuna, ni dagaa na mboga basi. Hata kutafuna nimeacha. Si kwamba ni kosa. Taya zinaniuma kwa hasira.

Chenge ameuliza kama nimegombana na sufuria. Nathaniel ameniletea kipande cha tobolwa mkononi mwake, kimelowa mate, ananilisha. Nimegeuza uso. Mwanangu akanitazama kama mtu anayeaga msafiri. Moyo uliniuma, lakini nilishikilia.

Alhamisi, 21 Agosti

Kliniki. Kidole: saba.

Nusura nimkumbatie Bernadeta. Nikamwambia, unaona sasa, ni ugali ndio ulikuwa unaniponza. Akatabasamu, akasema nikunje mkono wa gauni. Akavuta damu ya mkononi, kichupa kizima. Akasema hicho ni kipimo kingine, kinasoma sukari ya miezi mitatu iliyopita.

Nikamuuliza kwa nini sikuambiwa mapema. Akauliza, ningeambiwa ningefanya nini? Lakini niseme hapa: damu yangu mwenyewe, ninayoilisha mimi, imekaa miezi mitatu inanichunguza kimya kimya, halafu inakwenda kunisema kwa wageni. Hata wifi zangu hawajafika huko.

Nikakaa kwenye benchi na Nathaniel kusubiri majibu. Saba yangu bado ilikuwa inanifurahisha. Njaa ya siku mbili. Mkoba huu hapa, na vya kutafuna vya Nathaniel ndani yake. Bernadeta alipotoka na majibu alinikuta mashavu yote mawili yamevimba.

Akauliza nakula nini.

Nikamwambia sili, dada, ni matobolwa tu.

Akauliza tangu lini. Tangu mavuno. Mengi kiasi gani kwa siku? Nikamwambia matobolwa hayahesabiwi, hesabu ni ya mikate. Bernadeta akakaa chini, palepale kwenye benchi.

"Dada yangu," akasema, "hivyo ni viazi. Ukivikausha yanaondoka maji, utamu wote unabaki. Unakimbia tonge la ugali, halafu unatafuna shamba zima."

Majibu ya miezi mitatu yako juu, juu sana. Ila amenihurumia. Amenipa mpaka kliniki ya mwezi wa kumi na moja. Safari hiyo yakija hivi, sindano.

Kisha akaingiza mkono kwenye mkoba wangu, akatoa tobolwa moja, eti alikague. Yeye ni mtu wa Sengerema, huko nako matobolwa wanayajua. Akalitafuna taratibu, macho amefumba. Akasema, "Mama yako anajua kuanika." Halafu akafumbua macho. "Acha."

Nililia kidogo njiani. Nathaniel akanifuta machozi kwa mkono ulionata.

Ijumaa, 22 Agosti

Nimeelewa. Nesi amekataza matobolwa, na mimi nikikatazwa nasikia. Nimeyaondoa jikoni, nimeyaweka chumbani.

Michembe hakuitaja. Michembe haichemshwi kwanza, viazi vinakatwa vibichi ndiyo vinaanikwa. Ni kitu kingine kabisa, muulize Msukuma yeyote. Ujumbe nimeshamtumia mama:

"Shikamoo mama. Sukari yangu imepanda sana, naomba unisaidie. Umpe Ngosha, yule dereva wa basi la Jumatatu: michembe debe moja, iliyokauka vizuri. Karanga za kuchanganyia, kopo moja la sado. Unga wa mtama, maana ugali wa mahindi umenidhuru. Asali chupa moja, ile ya baba mdogo, hiyo ni dawa. Matobolwa usitume, nimekatazwa. Labda ya Nathaniel, sado mbili, yeye si mgonjwa. Na kifuko kimoja cha nesi."