Randa ya Reli na Tonge la Ugali

Sogeeni, enyi wa Kaloleni hapa Voi nanyi wa milimani Sagalla, tieni simu mfukoni, msikie jinsi Odera mwana wa Oundo, Simba wa Vumbi la Mbao, alivyoushinda mpini uliomkana.

Randa yenyewe ni ya chuma, nzito kama kesi ya shamba. Ililetwa na msimamizi mzungu wa karakana ya reli, ambaye babu yake Odera alimbebea sanduku la vifaa miaka kumi na tisa bila ruhusa ya kufungua kifuniko. Bwana alipoondoka, randa ikabaki kwa babu, kisha ikamfikia Odera. Mpini ulichongwa kwa kiganja cha bwana. Mkono wa kulia wa Odera una vidole viwili na gumba. Vingine vililiwa na mashine ya mkonge, na kiwanda kikampa pole na kalenda. Hatujasahau.

Siku hiyo adui alikuwa mlango mpya wa Teresia, mama wa Sagalla, uliogoma kuingia kwenye fremu yake pale karakanani kwa Odera. Mara tatu Odera alishambulia. Mara tatu randa ikageuka mkononi, ikaung'ata ubao.

"Fundi," akanena Teresia, amekalia ndoo iliyopinduliwa kama malkia, "nakuheshimu. Lakini saa nane naubeba kwa Danson. Yeye ana mashine ya stima."

"Mama, mashine ile hula ubao kama diwani mpya. Nipe hadi hiyo saa nane."

Alijua mlango ule ukiondoka, mtaa mzima utasema mkono wake umestaafu.

Loise, mkewe, akaleta chakula. Shujaa akakamata tonge, akahutubia: "Walipima kiganja cha bwana. Cha kuli nani alikipima? Miaka yote tunashika vitu vyao kama wezi."

"Baba Sheila, huo ugali umekukosea nini? Unaukaba tu, huuli."

Odera akalitazama lile tonge. Mabonde mawili ya vidole, shimo la gumba, na kilima kilichojaa pale pasipo na vidole. Ulikuwa mpini.

"Usiguse," akasema.

"Ni chakula cha mchana."

"Ni ramani."

Akaifungua skrubu iliyokaza tangu enzi za magavana, akautupilia mbali mpini wa kale, akatwaa kipande cha mkwaju na tupa, akachonga huku akipima kwa tonge, naye Loise, mlinzi wa ngome, akimfurusha kuku kwa kandambili.

Saa nane kasorobo akaufunga mpini mpya kwenye randa, akasukuma. Randa haikugeuka. Maranda yakatoka utepe mmoja, toka juu ya mlango hadi chini, bila kukatika. Teresia akapitisha kiganja ukingoni, polepole, kama anayetafuta kosa.

"Haya, fundi. Danson akae na stima yake."

Na iandikwe, maana mabwana huandika siku zao tu: Kaloleni, Voi, saa nane kamili, mlango uliingia kwenye fremu, ukafunga bila kelele, na dola ikaendelea kutojua.