Marobota Manne ya Teofili

Jumatatu, 6 Mei
Zahanati tena. Maua wangu, miaka minne, kifua kinapiga filimbi. Daktari kauliza mtoto analala na nini chumbani. Nikajibu analala na mimi na Mungu. Hakucheka. Akanichorea mapafu: mirija kama mizizi, mwisho wake vijifuko kama sega la nyuki, kuta nyembamba kuliko ganda la kitunguu. Humo hewa safi hupenya ikaingia kwenye damu, na damu huitema hewa chafu. Vumbi la tumbaku huvimbisha mirija, njia inabana. Tumbaku itoke chumbani, akasema. Nikaitikia kama mwanakwaya.

Marobota manne ya tumbaku. Mume wangu Teofili aliyafunga kwa mkono wake, kisha mwezi Machi kifua chake kikagoma, tukamzika. Mafundo bado yamekaza. Yaende wapi?

Jumanne, 7 Mei
Mpango! Mawili nimeyavika mashuka, baiskeli hadi kwa wifi Adelina. Nikamwambia ni magodoro ya wageni wa parokia. Akanusa. Akasema wageni hao lazima wanavuta sana.

Sijasonga hata ugali, yamerudi. Yeye anasukuma, nusu ya kijiji nyuma yake. Akaniambia mbele ya watu kwamba tumbaku imeshamchukua kaka yake, mtoto haimpati.

Alhamisi, 9 Mei
Usiku wa kuamkia leo nimekumbuka darasa la tano! Majani hupokea hewa chafu yetu, hutupa safi. Na majani nani anayo kutuzidi sisi? Nikachuma maotea mabichi ya tumbaku, yaliyochipua shambani baada ya mavuno, nikayaning'iniza juu ya kitanda cha Maua yamsaidie.

Saa sita mchana Maua katapika, mimi kizunguzungu. Daktari kashika kichwa. Kumbe jani lililokatwa halina msaada huo, na tumbaku mbichi ni sumu hata kwa kugusa. Njiani Maua, mgongoni, kaninong'oneza kwamba hewa inakataa kuingia. Nikamwambia avute polepole, hewa ni ya wote. Yangu ningempa.

Ijumaa, 10 Mei
Wifi kamchukua jana jioni. Sikubisha. Asubuhi nimepita kumwona: kifua kimya, anacheka, kaomba uji mara ya pili. Kaniuliza kama na mimi nimepona.

Nimelia hadi nyumbani. Lori la chama cha ushirika limeshakuja mara mbili kuchukua tumbaku. Mara zote nimewaambia bado nachambua. Uongo. Teofili alishachambua yote. Kesho wachukue!

Jumapili, 12 Mei
Wamechukua. Nimefagia, nimepiga deki, nimefukiza ubani chumba kizima hadi sikuuona mlango. Adelina kaja kukagua. Kachungulia chini ya kitanda, kapiga chafya, kasema sasa hiki ni chumba cha kulala binadamu. Kaniita wifi, mara ya kwanza tangu mazishi. Maua karudi!

Meza mpya ya kona kaisifu sana. Kitambaa cheupe, juu yake Bikira Maria. Kapiga ishara ya msalaba mbele yake.

Ni robota la nne. Fundo lile Teofili alilifunga huku akikohoa, mara tatu likimfunguka. Watu wa lori ningewapaje hilo? Moja tu, na limefunikwa.

Mchana huu Maua kalala ubavuni pa robota hilo. Kifua kinapiga filimbi, lakini kidogo. Itakuwa vumbi la kwa Adelina. Nimemwongezea ubani.