Jino Jeupe Kuliko Wenzake

Jumatatu, 6 Oktoba

Jino limewekwa. Lile la mbele, nililovunja kwa kufungulia soda, sasa lina kofia mpya. Nimejitazama kwenye kioo cha pikipiki hapa dukani kwangu, ninapouza vipuri. Balaa! Jeupe kama sahani. Meno yaliyo jirani nalo yana rangi ya chai ya maziwa. Na Ijumaa mjomba wake Raya anashuka kutoka Matombo kunikagua. Raya ni mjane, anauza viungo sokoni, na nimemfuatilia tangu masika ya mwaka jana. Kasema waziwazi: mjomba akiridhika, posa yangu imepita. Asiporidhika, basi.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimemrudia Daktari Martina wa meno, aliyeniwekea kofia. Nikamwambia amekosea rangi. Hakubishana. Kauliza nilifanya nini kabla ya siku ya kulinganisha rangi. Nikaeleza: nilisugua meno kwa mkaa na ndimu siku kadhaa, kama mtu anavyojiandaa kupiga picha ya pasipoti. Nani anakwenda kwa daktari na meno machafu? Kasema basi yeye alilinganisha na meno ya sikukuu, na sasa yamerudi kwenye siku za kazi. Kutengeneza kofia nyingine ni wiki mbili. Kanionya nisijipake chochote. Nimemshukuru sana. Nina mpango.

Jumatano, 8 Oktoba

Manjano! Nimenunua kwa Raya mwenyewe, mdomo nimefumba, naonyesha kwa kidole. Kauliza kama nimekuwa bubu. Nikatikisa kichwa. Nimesugulia dukani, nyuma ya matairi. Matokeo: kofia imekataa rangi kabisa. Meno mengine yote yameipokea.

Abdulatif, fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, naye anamtaka Raya. Kanikuta nje nasukutua. Kapaza sauti: "Twalibu! Umeme umekatika mtaa mzima, umebaki kwako tu!" Wateja wake wakacheka. Mmoja simjui kabisa, naye kacheka.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimekwenda kwa Raya baada ya swala. Mjomba Kibwana kaja na mkungu wa ndizi na tope hadi magotini. Nimempa shikamoo nyuma ya leso. Kauliza kama nimefiwa. Nikasema mafua. Kaniletea tangawizi nitafune. Nikatafuna nimegeukia ukutani. Kauliza ni nyama gani ninayoificha huko. Kisha akasimulia jinsi pikipiki ilivyomwangusha mtoni huku dereva akiendelea na safari bila kujua, bado akimsimulia habari za mkewe. Watu hoi kwa kicheko. Mimi nimecheka kwa pua. Leso haikutoka mdomoni hata mara moja. Ushindi!

Jumapili, 12 Oktoba

Raya kaja dukani mwenyewe. Kasema mjomba aliliona jino tangu kwenye shikamoo, na kalisifu: kazi nzuri. Kilichomshinda ni leso. Naye Raya kasema kimemshinda hichohicho. "Jino tu unanificha, kaka Twalibu. Nikiolewa si utanificha na mke mwingine?" Jibu ni hapana. Kaniaga vizuri, bila hasira. Ndiyo mbaya zaidi.

Nimeyapima maneno yake mpaka adhuhuri. Ana haki. Kosa lilikuwa leso. Leso kila mtu anaiona.

Masharubu, nani atayauliza? Nimeanza kuyafuga leo. Kinyozi anasema yatafika mdomoni mwezi ujao. Mpaka hapo, Asia muuza vitumbua, ambaye naye hana mume, nitamsalimia kwa kupunga mkono.